Huki za Git zinazouliza swali: Lefthook, Husky, pre-commit na skripti tupu

Ukiandika programu Arusha, kampuni za utalii huzikwepi: tovuti za safari, mifumo ya kukata nafasi, orodha za bei za Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na njia za Machame na Marangu. Kazi hizi zina mafaili ambayo mashine haiwezi kuyakagua peke yake. Mashine inaweza kuthibitisha kwamba bei ni namba. Haiwezi kujua kama namba hiyo tayari ina VAT ya asilimia 18 ndani yake au bado. Hapo ndipo inapofaa huki inayouliza, yaani skripti ambayo Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo) huiendesha kabla ya komiti (kuhifadhi mabadiliko) au kabla ya kupushi (kuyatuma kwenye seva), ikasimama, ikaonyesha kilichobadilika, ikasubiri ndiyo au hapana ya binadamu.

Tumepitia njia nne za kuifanya kazi hiyo, tukizipima kwa kigezo kimoja tu: je, huki inaweza kumuuliza mtu swali na kupokea jibu lake bila kukwama wala kupitisha kisichopaswa kupita? Kwa timu ndogo ya watu wawili hadi watano, skripti tupu ya mistari kumi na kitu inatosha na ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Timu ikikua na huki zikiongezeka, Lefthook, zana ya kusimamia huki, ndiyo iliyotengenezewa mahali maalumu kwa ajili ya maswali. Husky inafanya kazi ukiijua tabia yake. pre-commit (zana, si huki ya Git yenye jina hilohilo) ni bora sana kwa ukaguzi wa kimyakimya, lakini kwa maswali tusingeichagua.

Kwanza tatizo lenyewe, maana asiyelielewa atailaumu zana isiyo na hatia. Anayeanza huandika `read jibu` ndani ya `.git/hooks/pre-commit`. Swali linatokea, lakini kabla hajagusa kibodi huki imeshamaliza kazi. Sababu ni kwamba Git inapoendesha huki za wakati wa komiti, yaani pre-commit, prepare-commit-msg na commit-msg, huiunganisha stdin ya skripti (mlango wake wa kupokea maandishi) na `/dev/null`, faili lisilo na kitu. `read` inakutana na mwisho wa faili papo hapo na kurudi mikono mitupu. Kibodi ipo, ila haiko kwenye stdin. Iko kwenye `/dev/tty`, ambayo ni terminali inayomiliki kazi inayoendelea. Kwa hiyo dawa ni kusoma kutoka huko moja kwa moja:

```
#!/bin/sh
git diff --cached --quiet -- bei/ && exit 0

if ! ( : < /dev/tty ) 2>/dev/null; then
  echo "Bei zimebadilika. Fanya komiti hii kwenye terminali." >&2
  exit 1
fi

git --no-pager diff --cached -- bei/
printf 'Bei mpya zina VAT 18%% ndani yake? [n/H] ' > /dev/tty
read -r jibu < /dev/tty || exit 1
case "$jibu" in
  n|N|ndiyo|Ndiyo) exit 0 ;;
esac
echo "Komiti imesitishwa." >&2
exit 1
```

Kila mstari hapo una sababu yake. Wa kwanza baada ya `#!/bin/sh` unaifanya huki inyamaze kabisa kama folda ya `bei/` haikuguswa. Huu ndio mstari muhimu kuliko yote, kwa sababu swali linaloulizwa kwenye kila komiti hujibiwa bila kusomwa, na baada ya wiki watu wote wameshazoea `--no-verify`, chaguo la kuruka huki. `--no-pager` inazuia tofauti ndefu isifunguke ndani ya `less`, kisomaji cha kurasa, ambapo mtu atabonyeza herufi akidhani anajibu swali kumbe anahamisha ukurasa. Jibu lolote lisilo ndiyo, hata Enter tupu, ni hapana. Na `|| exit 1` baada ya `read` inashughulikia anayebonyeza Ctrl-D.

Mabano yanayozunguka `: < /dev/tty` si pambo. Wengi hupima kwa `[ -r /dev/tty ]`, na kipimo hicho kinadanganya: kinaangalia ruhusa za faili tu, na faili hilo lina ruhusa za kusomwa hata pale ambapo hakuna terminali yoyote. Kulifungua ndiyo njia ya kujua, na kusipokuwa na terminali kulifungua hurudisha kosa la "No such device or address". Kufungua huko kufanyike ndani ya mabano, kwa sababu kwenye `dash`, ambayo ndiyo `sh` ya Ubuntu na Debian, `:` na `exec` zikishindwa kufungua faili huiua skripti nzima. Bash ikiendeshwa kwa jina lake yenyewe hupita na kuendelea. Mstari uleule, kompyuta mbili, matokeo mawili.

Kipimo cha `[ -t 1 ]`, kinachoangalia kama matokeo yanaelekea kwenye terminali, nacho tunashauri kiachwe. Git 2.36 ilibadilisha namna ya kuendesha huki, na matokeo ya skripti yakaacha kuunganishwa na terminali moja kwa moja. Huki zilizotegemea kipimo hicho zikaamini hakuna mtu mbele ya skrini. Marekebisho yalikuja, na maelezo ya toleo 2.37 yanalitaja jambo hilo. Toleo lilelile la 2.36 lilileta zawadi pia: `git hook run pre-commit`, inayokuwezesha kujaribu huki bila kutengeneza komiti za uongo.

Sasa wale wanaokomiti kwa kubonyeza kitufe ndani ya VS Code au programu nyingine ya madirisha. Hapo kwa kawaida hakuna terminali, na skripti ya juu itawakatalia kwa ujumbe unaoeleweka. Ndivyo inavyopaswa. Kosa baya zaidi ni huki inayojisemea "hakuna terminali, basi pita", kwa sababu mlango wote unabaki wazi kwa nusu ya timu. Kwenye Linux yenye dirisha unaweza kuongeza `zenity --question --text "..."`, ambayo hurudisha 0 kwa ndiyo na 1 kwa hapana. Lipo pia tukio gumu kuligundua: programu ya madirisha iliyofunguliwa kutoka kwenye terminali inaweza kubaki imeshikamana nayo. Swali litatokea kule nyuma, kwenye terminali iliyofunikwa, huku kitufe cha komiti kikizunguka bila mwisho. Ukiona komiti imeganda, tazama terminali ya nyuma kabla ya kuua chochote.

Kuna jambo la umeme pia, na kwetu si dogo. Mtu akitumia `git commit -a`, Git hushikilia `.git/index.lock` kwa muda wote huki inaposubiri jibu. Kwa hiyo VS Code iliyo wazi pembeni inaweza kulalamika kwamba haiwezi kutengeneza faili hilo kwa sababu lipo tayari. Hilo litaisha swali likijibiwa. Lakini umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani wakati swali liko wazi, kufuli linabaki pale hata baada ya kuwasha. Hakikisha hakuna Git nyingine inayoendelea, kisha lifute kwa mkono. Mabadiliko yako yako salama kwenye folda ya kazi. Komiti ndiyo ambayo haikutokea. Anayefanya `git add` kwanza, halafu `git commit` bila `-a`, hakutani na hili, kwa sababu kufuli huachiwa kabla ya pre-commit kuanza.

pre-push ina sheria tofauti, na hapa ndipo skripti nyingi zinazonakiliwa mtandaoni huvunjika. Huki hii ina stdin halisi: Git huitumia mstari mmoja kwa kila rejea (tawi au tagi) inayopushiwa, wenye rejea ya hapa, kitambulisho chake, rejea ya kule na kitambulisho cha kule. Ukiweka `exec < /dev/tty` juu kabisa, mistari hiyo unaipoteza na kitanzi kinaanza kusubiri kibodi. Ukisoma jibu ndani ya kitanzi bila kulielekeza, `read` itaumeza mstari unaofuata wa Git kana kwamba ndiyo jibu. Soma mistari yote kwanza, halafu uliza:

```
while read -r ref_hapa id_hapa ref_kule id_kule; do
  if [ "$ref_kule" = refs/heads/main ]; then uliza=1; fi
done
[ -n "$uliza" ] || exit 0
printf 'Unapushi kwenye main. Endelea? [n/H] ' > /dev/tty
read -r jibu < /dev/tty || exit 1
[ "$jibu" = n ]
```

Usikwepe kitanzi hicho kwa kuuliza tu uko tawi gani. Mtu akiandika `git push origin jaribio:main`, tawi alilopo ni jaribio, lakini kinachoguswa ni main.

Jambo jingine la pre-push: huendeshwa baada ya Git kuwa imeshawasiliana na seva na kuangalia hali ya kule. Wakati swali linasubiri, muunganisho uko wazi. Kwa anayetumia hotspot ya simu, ukiacha swali ukaenda kunywa chai, muunganisho unaweza kukatwa, na ukirudi kujibu ndiyo unapokea kosa la mtandao. Hakuna kilichoharibika, pushi tena. Ukitaka swali lijifunge lenyewe, andika `#!/bin/bash` na utumie `read -t 30`, kwa sababu dash haina `-t`.

Kuisambaza skripti tupu kwa timu ni kazi ya dakika chache. Weka huki kwenye folda ya `hooks/` ndani ya repo, kisha kila mmoja aandike `git config core.hooksPath hooks` mara moja kwa kila kloni. Uwezo huo upo tangu Git 2.9 ya mwaka 2016. Kwenye Linux, huki isiyo na ruhusa ya kuendeshwa haiendeshwi; Git hutoa dokezo tu na kusonga mbele, kwa hiyo aliye Windows aandike `git update-index --chmod=+x hooks/pre-commit` kabla ya kukomiti. Timu iliyochanganya Windows na Ubuntu iongeze pia `hooks/* text eol=lf` kwenye `.gitattributes`. Bila hiyo, mwisho wa mistari wa Windows utaifanya Linux itafute programu inayoitwa `sh` yenye herufi isiyoonekana mwishoni, isiione.

Udhaifu wa njia hii ni huo mstari wa `git config`. Mgeni kwenye timu asipoambiwa, hana huki.

Husky inaziba pengo hilo vizuri. Ukiwa na mradi wa Node (JavaScript), `npx husky init` inatengeneza folda ya `.husky` na kuongeza skripti ya `prepare`, hivyo `npm install` ya mgeni inamwekea huki bila yeye kujua. Kuhusu maswali, Husky haiongezi wala haipunguzi: stdin unayoipata ni ileile ya Git, na skripti yetu ya juu inafanya kazi ilivyo. Ila toleo la 9 huendesha faili lako kwa `sh -e`. Maana yake ni mbili. Mstari wa `#!/bin/bash` hauna nguvu, kwa hiyo `read -t` itakataliwa kwenye Ubuntu hata kama kwenye kompyuta ya mwenzako inapita. Na amri yoyote inayoshindwa inasimamisha huki, jambo ambalo kwa maswali tunalipenda, kwa kuwa `read` isiyopata jibu inazuia komiti yenyewe.

Watumiaji wa Commitizen, zana inayouliza maswali ya kuandika ujumbe wa komiti, huweka kwenye prepare-commit-msg mstari wa `exec < /dev/tty && npx cz --hook || true`. Kwenye terminali unafanya kazi. Lakini ile `|| true` ya mwisho haimuokoi aliye kwenye dash bila terminali, kwa sababu skripti imeshakufa kwenye `exec`. Tena kumbuka kwamba `--no-verify` hairuki prepare-commit-msg. Inaruka pre-commit na commit-msg tu. Mtu aliyekwama hapo hana njia ya haraka zaidi ya `HUSKY=0`. Na kagua `$2`, ambayo Git huitumia kusema ujumbe umetoka wapi: ikiwa ni `merge` au `message`, usiulize.

Lefthook ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Ni programu moja iliyoandikwa kwa Go, haidai Node wala Python, na unaweza kuipata kupitia npm, pip, gem au brew, halafu `lefthook install`. Kwenye `lefthook.yml` unaandika:

```
pre-commit:
  commands:
    bei:
      glob: "bei/*.json"
      run: sh hooks/uliza-bei.sh
      interactive: true
```

Neno la mwisho ndilo lenye uzito. Ukiliandika, Lefthook inajaribu kufungua `/dev/tty` na kuikabidhi skripti kama stdin, kwa hiyo `read jibu` ya kawaida inafanya kazi. Juu ya hapo inapanga foleni: amri zinazouliza huendeshwa baada ya zile zisizouliza, isipokuwa umeweka `piped: true`. Huo ni utaratibu wa watu waliofikiria. Hakuna sababu ya kumhoji mtu kuhusu VAT kisha, sekunde kumi baadaye, komiti ikataliwe kwa koma iliyosahaulika kwenye JSON. `glob`, kichujio cha majina ya mafaili, nayo inachukua nafasi ya ule mstari wa kwanza wa kunyamaza.

Mipaka yake ielezwe pia. Nyaraka zake zinasema ufunguaji wa `/dev/tty` ni wa Linux na mifumo ya jamii ya Unix, hivyo ofisi yenye Windows nyingi ijaribu kwanza kwenye mashine moja kabla ya kuahidi. Ukiweka `no_tty`, `interactive` inapuuzwa. Na kwa pre-push unakutana tena na lile la stdin moja: `use_stdin: true` inakupa mistari ya Git, `interactive: true` inakupa kibodi. Chagua `use_stdin`, na jibu lisomwe kwa `read -r jibu < /dev/tty` kama kwenye skripti tupu.

pre-commit, ile zana ya Python yenye `.pre-commit-config.yaml`, imejengwa kwa falsafa nyingine. Inakusanya matokeo ya kila huki na kuyaonyesha ikimaliza, na huki iliyofaulu haionyeshi chochote usipoweka `verbose: true`. Swali lililoandikwa kwa `echo` halitaonekana kwa wakati. Mtu ataona jina la huki na nukta nukta, basi. Unaweza kulazimisha kwa kuandika na kusoma `/dev/tty` moja kwa moja, lakini zana hii hugawa mafaili kwa michakato kadhaa inayokwenda pamoja, kwa hiyo swali moja linaweza kuulizwa mara nyingi, maandishi yakiingiliana. Ukibanwa sana, weka `pass_filenames: false` na `require_serial: true`, pamoja na `repo: local` na `language: system`. Hiyo `repo: local` ina faida nyingine kwa anayehesabu bando: huki za kutoka nje hupakuliwa na kujengewa mazingira yake mara ya kwanza zinapoendeshwa, za ndani zenye `language: system` hazipakui kitu. Kwa kusafisha nafasi, kukagua JSON na kuzuia mafaili makubwa, pre-commit tungeitumia leo. Maswali yakae kwingine.

Wanaotumia Mercurial, mfumo mwingine wa aina ya Git, hawana haja ya haya yote. Huki ya Python hupokea `ui`, na `ui.promptchoice` huuliza, husubiri na hurudisha namba ya chaguo. Mtu akiendesha amri kwa `--noninteractive`, chaguo la kwanza huchukuliwa, kwa hiyo hakikisha la kwanza ni hapana. Subversion, mfumo mwingine wa aina hiyo, ni kinyume chake: huki zake ziko kwenye seva, mazingira yake ni matupu, na ujumbe wa stderr humfikia mtumiaji pale tu huki inapokataa.

Na seva za Git ziko hivyohivyo. pre-receive, huki ya seva inayopokea kinachopushiwa, haina terminali ya mtu wa kumuuliza, na huki ya kwenye laptopi inarukwa kwa `--no-verify`. Kwa orodha ya bei zinazolipiwa na wageni, tunashauri swali lihamishiwe kwenye commit-msg, na jibu la ndiyo liandikwe ndani ya komiti:

```
git interpret-trailers --in-place \
  --trailer "Bei-Imehakikiwa: ndiyo" "$1"
```

Kisha kwenye seva yenu wenyewe, pre-receive ikague kwamba kila komiti mpya inayogusa `bei/` ina mstari huo, na ikatae isiyo nao. Waliohifadhi kazi yao GitHub.com hawawezi kuweka pre-receive yao wenyewe. Ukaguzi huo waufanye kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha ukaguzi, na tawi la main lilindwe lisipokee kisichopita ukaguzi.